Baba, Mwaka Huu Baraka Ndiye Aliyetwanga Sombe

Baba yangu mpendwa,

Noeli imepita na nyumba bado inanukia mawese. Mama amefungua madirisha yote, ya mbele na ya nyuma, lakini harufu imekataa kutoka, na sidhani kama yeye mwenyewe anataka itoke, maana kila akifungua dirisha anasimama hapo kwanza, anavuta pumzi, ndipo anaendelea na kazi zake. Mimi nimekaa kibarazani, mahali ulipokuwa unaweka cherehani yako ukitazama barabara ya Nateete. Nakuandikia kwa sababu yapo mambo ya siku ile ambayo ungefurahi kuyasikia, na lipo moja ambalo nadhani ulilijua zamani ukalinyamazia.

Unaikumbuka Noeli yetu ya kwanza hapa? Tulikuwa tumetoka Bukavu mwaka uleule. Mama alikuwa amejifungua Baraka, kitovu cha mtoto hakijadondoka, naye amelala nyuma ya pazia kwenye kile chumba kimoja tulichokodi kwa mama mwenye nyumba, Nnalongo. Nje, Kampala ilikuwa inaondoka. Watu walipita na magunia na magodoro, kuku wamefungwa miguu wananing'inia kwenye usukani wa bodaboda, na kufikia asubuhi ya sikukuu barabara ambayo siku zote huwezi kuivuka ilikuwa tupu, mtu angeweza kutandika mkeka akalala katikati. Nilikuuliza, "Baba, wote wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda kwao, kijijini."

"Na sisi?"

Uliitazama ile barabara tupu, ukanivuta karibu. "Siye tunabakia, mama. Lazima mutu abakie kuchunga Kampala."

Uliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yako, na mimi siku ile nilijiona mkubwa kweli, nimekabidhiwa mji mzima niulinde.

Kisha ukasema Noeli haiwezi kupita bila sombe. Ulikuwa hujawahi kupika hata chai. Ulikwenda sokoni ukarudi na kifurushi cha majani ya muhogo, ukaazima kinu kwa Nnalongo, ukavua shati la kanisani, ukabaki na fulana, ukaanza kutwanga uani. Mimi nilikuwa mjumbe. Nilikimbia kutoka kwako mpaka kwenye pazia, na kutoka kwenye pazia mpaka kwako.

"Mama anasema majani umeyapitisha kwenye maji ya moto?"

"Mwambie ndiyo."

"Mama anasema kweli?"

Ukaacha mchi, ukaenda kuchemsha maji.

Wapangaji wachache waliobaki walitoka kwenye vyumba vyao kumtazama mwanaume anayetwanga. Nnalongo naye akatoka, amevaa gomesi lake la sikukuu, lile vazi refu la Waganda, mkanda umefungwa kiunoni. Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa marehemu mumewe, aliyekuwa askari, na mpaka leo anakiongea kama anatoa amri gwarideni.

"Ssebo, bibi yako iko wapi?"

"Iko ndani, amezaa."

"Na wewe iko twanga nini? Dawa?"

"Chakula, Nnalongo."

Akainama akachungulia kinu. "Hii chakura ya mbuzi."

Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Na kusema kweli, baba, hakukosea sana. Sombe yako ya kwanza ilikuwa na nyuzi, ilikwaruza ulimi, na ulikuwa umetia chumvi kidogo mno, kana kwamba unaikopesha. Mama alikula nusu sahani kitandani akasema ni nzuri. Ulijaza sahani nyingine ukanituma niipeleke kwa Nnalongo, nami nikaenda nikiwa na aibu, nikijua atasema tena habari za mbuzi. Aliipokea bila neno. Jioni sahani ilirudi imejaa matoke, na juu yake kipande cha kuku aliyepikwa kwenye jani la mgomba, mchuzi wa karanga ukichuruzika. Tulikula kwa mikono. Ulilamba mpaka jani.

Mwaka uliofuata Mama alikuwa na afya yake. Asubuhi ya Noeli alijifunga kitenge akaenda jikoni, akakukuta umeshafika, mikono yako ya kijani mpaka kwenye viwiko.

"Kaa," ulimwambia. "Na wewe ni Noeli yako."

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Siku zote za mwaka Mama alikuwa mwenye jiko, lakini Noeli ilikuwa yako. Wanaume wa kanisani walikutania, wakakuita Mama Baraka, ukaitika. Ulijifunza kuchagua majani machanga, kutwanga pamoja na vitunguu saumu na biringanya, kuacha sufuria wazi mpaka ule mvuke mkali wa majani mabichi uishe, kutia mawese mwishoni pamoja na samaki mkavu. Ulipika fufu ukiisonga kwa magoti, sufuria umeibana miguuni. Uliimba nyimbo za kanisa kwa Kifaransa, na mahali uliposahau maneno ulijaza majina yetu. Ulinituma mimi kila mahali, lakini Baraka hukumruhusu kushika kitu. "Huyu alizaliwa na sikukuu," ulikuwa unasema. "Yeye kazi yake ni kula." Basi akakua hivyo, kijana mrefu mwenye mabega mapana, hajui hata mchi unashikwaje.

Na kila mwaka sahani ilitoka kwenda kwa Nnalongo, na kila mwaka haikurudi tupu.

Mwaka ule ulipotuacha hatukupika. Tulikunywa chai na mkate, Mama akaingia chumbani mapema, Baraka akafungua redio akaizima. Sitaki kukaa sana hapo, kwa kuwa barua hii sikuianza kwa ajili ya hilo.

Nataka nikueleze habari za Resty. Hukubahatika kumwona. Anafanya kazi kwenye duka la dawa kule Mbuya, na Baraka alikuwa na mafua yasiyopona mpaka sisi sote tukaelewa. Ni Mganda, mpole lakini si mnyonge. Kiswahili anajifunza kwa Baraka, kwa hiyo anaongea Kiswahili cha Bukavu kwa sauti ya Kiganda, na Mama akimsikia hugeuka upande ili asionekane anacheka. Resty alilelewa na shangazi yake, ssenga kama wanavyosema Waganda, na wewe unajua kwao ssenga ndiye mwenye kauli katika mambo ya ndoa. Kabla ya kwenda kujitambulisha rasmi kwao, ssenga alitaka aione nyumba yetu kwanza. Akachagua Noeli. Akasema atachelewesha safari yake ya kijijini kwa ajili hiyo.

Resty alinivuta pembeni akaniambia ukweli. "Dada, ssenga hana shida na Baraka. Shida yake ni sisi kuwa... ninyi kuwa wageni. Anasema watu wasio na kijiji."

Sikumwambia Mama. Lakini Mama hahitaji kuambiwa mambo. Alisema tununue chakula hotelini, wali na nyama, vitu ambavyo mtu yeyote anakula, tusijiaibishe.

Baraka alikuwa anakula. Akafuta mdomo. "Nitapika mimi. Nitapika sombe."

"Weye?" Mama akamwangalia.

"Mimi."

"Kuna wakwe wanakuja, na weye unataka kuanza kujifunza?"

"Baba alianza siku gani?"

Mama aliondoa sahani mezani, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Fanya unavyotaka. Miye jikoni siingii."

Asubuhi ya Noeli nilifika kutoka kwangu Kansanga, barabara tupu kama zile za zamani, nikamkuta Baraka uani na kinu cha Nnalongo. Amejifunga kanga ya Mama juu ya suruali yake mpya. Majani yalikuwa kwenye ukuta, kwenye ndoo, mengine kwenye nywele zake. Mimi nilichukua kazi ya kuku na wali, maana mtu mmoja lazima awe na akili. Chumbani kwa Mama kulikuwa kimya. Alikuwa amerudi mapema kutoka kanisani, kisha akajifungia.

Baraka alitwanga kwa nguvu zote za mabega yale. Puu, puu, puu, kinu kinahama mahali. Sijui ulipita muda gani, mlango ukafunguka na Mama akatoka, kiti kidogo mkononi. Akakiweka kivulini, akakaa.

"Unatwanga kama mutu anaua nyoka," akasema. "Majani hayajakukosea. Acha mchi uanguke wenyewe, weye uunyanyue tu."

Baraka akajaribu. Sauti ikabadilika. Mama akatikisa kichwa, si kukataa, kukubali.

"Baba yako alikuwa anazungusha kidogo mwishoni. Vile. Hapana, vile."

Hakushika kitu, baba. Mikono yake ilikaa mapajani muda wote. Lakini kutoka kwenye kile kiti aliongoza jiko zima. Baraka aliuliza, yeye akajibu. Akamwambia asifunike. Akamwambia asikimbilie mawese, mawese si dawa ya majani mabichi. Mara nikamsikia anacheka, na mimi nilikuwa nimempa mgongo nikikaanga ndizi za makemba, nikaogopa kugeuka nisije nikamkatiza. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu tulipokuzika.

Kisha mvua ikaja. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Wewe unaijua Nateete ikinyesha, uani kunakuwa mto. Mimi nilikimbia na kikaango, Mama akakimbia na kiti, na Baraka akabaki na sigiri yenye makaa ya moto na sufuria kubwa ya sombe juu yake, haiwezi kubebwa na mtu mmoja. Hapohapo lango likafunguliwa. Resty akaingia, ameshika mwavuli, na chini ya mwavuli ssenga mwenyewe, mwanamke mnene mwenye gomesi la zambarau lenye mabega yaliyosimama, ameinua upindo usiguse matope. Walikuwa wamefika kabla ya saa tuliyowatarajia.

Baraka, kanga kiunoni, mikono ya kijani, mvua inamtiririka usoni, alimwangalia ssenga. Angepiga magoti kumsalimia, kama alivyofundishwa na Resty, lakini mikono yake ilikuwa kwenye masikio ya sufuria.

"Ssenga," akasema, "tafadhali, shika mfuniko huu."

Resty alifumba macho. Lakini ssenga alishika. Nadhani alishika kabla ya kuamua. Akaudaka ule mfuniko, akaukinga juu ya sufuria kama mwavuli wa pili, na Resty akatupa mwavuli wake akashika upande wa pili wa sufuria, na hivyo wote watatu wakavuka uani wakapanda kibarazani, ssenga akienda kinyumenyume, viatu vimejaa matope, mfuniko haujatetereka. Sigiri ililowa. Sombe haikuingiwa hata na tone.

Ssenga alipopata pumzi aliuliza kwa Kiganda, "Mpishi yuko wapi?"

"Ndiye huyu," Resty akasema.

Ssenga alimtazama Baraka kuanzia kwenye majani ya nywele mpaka kwenye kanga. Akarudisha mfuniko.

Tulimalizia kupika kwenye jiko la gesi ndani. Tulipoketi, tulikuwa sisi watatu, Resty, ssenga, na Nnalongo, ambaye sasa anatembea kwa fimbo lakini gomesi lake bado linafungwa kwa mkanda uleule wa gwaride. Alileta matoke yake mwenyewe, yamefunikwa kwa majani. Mama aliomba. Nilianza kupakua. Ndipo ssenga akainua mkono kidogo, akasema kwa upole, kwa Kiganda, polepole ili kila neno lifike, na Resty alimtafsiria Mama huku anatazama meza.

"Sitaki kula chakula cha watu nikiwa na neno moyoni. Kijana huyu sina neno naye. Lakini leo Kampala yote imekwenda kwao, ninyi mko hapa. Mtoto wangu akiolewa kwenu, siku akifa nitamsindikiza wapi? Mtu huzikwa kwao. Kwenu ni wapi?"

Mama aliweka kijiko. Niliona Baraka anamgeukia Mama, kwa sababu Bukavu hajawahi kuiona na hapa hatuna hata shina moja la mgomba lililo letu.

Nnalongo ndiye aliyejibu. Alijibu kwa Kiganda, na baadaye akarudia kwa Kiswahili chake cha amri ili Mama asikie kwa masikio yake.

"Baba wa kijana huyu amelala Mpigi," akasema. "Kwenye shamba langu, nililonunua mimi mwenyewe. Amelala karibu na mume wangu. Watoto wangu waliniuliza, mama, huyu Mkongo ni nani wetu? Niliwaambia, huyu mtu ameniletea chakula kila Noeli tangu mimi nina nywele nyeusi. Mwaka wa kwanza kilikuwa kibaya sana, nikakila. Mtu unayekula chakula chake kibaya, huyo ni ndugu. Huyu binti akizaa hapa, watoto wake watakuja kufyeka majani kwenye kaburi la babu yao, kwangu, Mpigi. Mimi nikifa, watanifyekea na mimi. Sasa wewe unauliza kijiji gani?"

Mvua ilikuwa imeisha, nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Mama alikuwa ameshika mkono wa Nnalongo, sijui ni nani aliyeushika wa mwenzake kwanza.

Ssenga alivuta sahani yake mbele. "Basi," akasema, "nipeni hayo majani niliyoyakinga mvua."

Baba, alikula. Alianza na kijiko cha kupimia, kama mtu anayeonja dawa ya mtoto, kisha akaongeza, kisha akaacha kijiko akatumia mkono. Alitaka kujua kilichomo, tukamhesabia. Akasema kwao majani ya muhogo huwa wanayatupa, na akatazama sahani akiyafikiria yale yote waliyotupa. Akamwambia Baraka, "Chumvi imekaa sawa. Kwa mwanaume anayepika mara ya kwanza, chumvi imekaa sawa sana. Ni nani aliyekufundisha?"

"Baba," Baraka akasema, amejivuna.

Mama akakohoa.

Tulimtazama. Alikuwa anachezea ukingo wa kitenge chake kama msichana. "Baba yao," akasema, "alipika vizuri. Mungu anajua. Lakini chumvi haikumwingia mpaka mwisho. Kila Noeli, akienda kuoga kabla ya kula, niliingia jikoni nikaongeza. Kila mwaka. Na leo pia, Baraka alipokwenda kubadilisha shati."

Nnalongo alipiga meza kwa kiganja. Resty alicheka mpaka machozi, Baraka akaweka kichwa mezani kati ya sahani, na ssenga, ambaye nilikuwa nimemwogopa tangu asubuhi, alicheka kwa tumbo lote, anatikisika na gomesi lake. Mama akacheka nao. Akafunika mdomo, akashindwa, akauacha wazi.

Mimi nilicheka, lakini wazo lilinijia na mpaka leo halijaniacha. Wewe ulikuwa mtu wa kuoga haraka. Ndoo moja, umemaliza, unaulizia taulo. Lakini siku ya Noeli, baba, ulikaa huko bafuni mpaka chakula kinataka kupoa, na uliimba kwa sauti ya juu, ubeti baada ya ubeti, jiko zima likikusikia. Nilidhani ni furaha. Sasa nadhani ulikuwa unamwambia mtu kwamba bado hujatoka, achukue muda wake.

Sijamwambia Mama. Ngoja abaki na siri yake, na wewe ubaki na yako.

Siku hizi naamka nikiwa mwepesi. Mara kadhaa tangu siku ile nimejikuta nakutaja bila kushusha sauti, na Mama vilevile, anasema "baba yenu alipenda hivi," halafu anaendelea kukunja nguo. Kwao Resty wamekubali tuende kujitambulisha baada ya Pasaka. Ssenga ameagiza sombe, na amesema wazi kwamba mpishi awe Baraka, hataki ya mwanamke. Nnalongo atakwenda upande wetu. Ameshasema yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti chako, na kwamba atakayempinga asimame sasa.

Ssenga alipoondoka siku ile alimwachia Mama namba yake ya simu, na Mama akampa sombe iliyobaki kwenye sufuria. Ukiwa na njia ya kucheka huko uliko, cheka. Sisi huku, baba, tulikula tukashiba.

Akupendaye daima,
Binti yako wa kwanza, yule uliyemwita mama.